Vidole vya Mama Shadya na Toleo Jipya

Ukuta uliotenganisha duka langu la vyombo na ofisi ya uchapaji ya Tunu ulikuwa wa plaiwudi, tena plaiwudi ya bei ya chini, niliyoinunua mwenyewe. Kwa hiyo kwa miaka mingi nilisikia barua za Babati kabla hazijafika zilikokuwa zinakwenda. Nilisikia maombi ya kazi, maombi ya uhamisho, maombi ya viwanja, mihtasari ya vikao vya harusi, na malalamiko ya watu wa Singe dhidi ya ng'ombe wa watu wa Singe wenzao.

Nilisikia kwa sababu pale kwa Tunu kulikuwa na sheria moja: mteja anasoma, Tunu anachapa. Ofisi nyingine unaacha karatasi yako, unakwenda kwenye shughuli zako, unarudi jioni. Kwa Tunu unavuta kigoda, unakaa kando ya meza na kuisoma karatasi yako kwa sauti, mpaka nukta ya mwisho.

"Mwandiko ni wako, mambo ni yako," alikuwa akisema. "Nikisoma mimi nikakosea utanilaumu. Soma."

Sheria hiyo ilileta vituko. Siku moja Mzee Herieli, mkulima wa Singe, alikuwa anasoma barua ya kumshtaki jirani yake kwa mtendaji wa kata kwa ajili ya nguruwe walioingia shambani. Jirani mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yake, anangoja fotokopi.

"Nguruwe hao, ambao ni wanne..." Herieli akasoma.

"Watatu," sauti ikasema kutoka kwenye benchi.

Ndipo Tunu: "Niandike wangapi? Elewaneni, nina watu wanangoja."

Wakaelewana kwamba ni watatu. Barua ikaenda, na yule jirani akatia sahihi kama shahidi.

Huyo ndiye Tunu Shomari, ambaye mji mzima ulimwita Mama Shadya. Alizaliwa Kondoa, akaja Babati akimfuata mume mwenye lori. Lori likaendelea na safari, na mume akaendelea nalo. Tunu akabaki na binti mdogo, Shadya, na cherehani. Mtu mwingine angeshona. Yeye aliibeba cherehani ile mpaka kwa karani mmoja aliyekuwa anastaafu, akaibadilisha kwa mashine ya chapa. Watu walimcheka. Yeye alikuwa amehesabu: cherehani ziko kila baraza, mashine za chapa ziko mbili mji mzima, na moja ni ya mahakama.

Wakati huo Babati ilikuwa wilaya tu ya Mkoa wa Arusha, na barua kubwa zilipanda basi kwenda Arusha. Wiki lilipotoka tangazo kwamba Manyara itakuwa mkoa na makao yake ni hapa hapa, watu walikuwa wanapiga honi barabarani. Tunu alikuwa dukani kwangu, anapima sakafu kwa hatua.

"Baba Mudy, nusu hii ya chumba huitumii."

"Natumia. Huoni masufuria?"

"Masufuria yanaweza kupanda ukutani. Watu hawapandi ukutani."

Nilikubali kumpangisha ile nusu kwa kodi ile ile ya siku zote, kwa miaka mitatu, na mkataba akauchapa mwenyewe kabla sijabadili mawazo. Mwezi uliofuata maofisa wa mkoa walianza kushuka kwenye mabasi na mabegi yao wakitafuta vyumba, na kodi za mji mzima zikapaa. Yangu haikupaa. Ni mara chache nimeshindwa biashara mchana kweupe namna hiyo. Toka siku hiyo nilimheshimu.

Kompyuta yake ya kwanza ilikuwa mtumba kutoka Arusha, na mausi yake ilikufa wiki ya pili. Mausi mpya ilikuwa gharama, basi akajifunza kufanya kila kitu kwa kibodi. Ukibonyeza kitufe cha Alt, halafu herufi, halafu herufi nyingine, menyu zinafunguka zenyewe. Aliyakariri yote hayo kama mtoto anavyokariri njia ya kwenda kisimani. Baadaye alinunua mashine mbili nzuri zenye programu ya kuchapia ya Office 2003, na mausi zake zikiwa hai kabisa, lakini mkono wake haukuzizoea tena. Alichapa anatazama mlangoni. Wateja waliona ni madaha ya fundi.

Mimi nilikuja kujua kwamba si madaha tu.

Ilianza na simu. Ujumbe ukiingia, Tunu ananipitishia simu juu ya plaiwudi: "Nisomee, mikono yangu ina wino." Mara ya kwanza nilisoma. Mara ya tano nilijiuliza: huyu anachapa kwa kompyuta, wino anaushika wapi? Nikakumbuka pia kwamba ile sheria ya mteja kusoma haikuwepo tangu mwanzo. Ilikuja katika mwaka ule ule ulioleta wino wa mikononi. Nikanyamaza. Jambo la mpangaji wako si bidhaa ya kupanga nje ya duka.

Mwaka 2008 ndipo mambo yalipobana. Maofisa na watu wa mashirika walianza kuja na flash zenye faili zilizoandikwa kwa Office 2007. Tunu anaichomeka flash, anafungua, mteja anaangalia kioo na kusema, "Mama, mbona ni vidude?" Vilikuwa visanduku na mikwaruzo tupu. Mteja anachomoa flash yake na kwenda kwenye duka la intaneti la barabara ya Singida, ambako toleo jipya lilikuwepo. Nilianza kusikia kimya upande wa pili wa ukuta. Kimya cha biashara nakijua, nimewahi kuwa nacho.

Ndipo akaja Tariq, fundi wa kompyuta aliyezunguka Babati, Kateshi na Mbulu na begi la CD.

"Shikamoo, Mama Shadya."

"Marahaba. Unauza nini leo?"

"Siuzi, Mama. Nakuja kukuokoa."

"Haya. Wanaookoa ndio ghali kuliko wanaouza."

"Toleo lako limezeeka. Watu wanahamia 2007. Faili zao hapa kwako hazifunguki."

"Zinafunguka. Zinatoa vidude."

"Hiyo si kufunguka, Mama. Kuna kiprogramu cha bure cha kuzisomea kwenye toleo la zamani, sikufichi, lakini nimejaribu kukipakua mara tatu kwa mtandao wa hapa. Kinafika nusu, kinakatika."

"Kumbe kipo cha bure, ukaanza na cha kununua!"

"Si nimekutajia?"

Akamfungulia toleo jipya kwenye laptop yake ili alione. Nilisikia kigoda kikisogezwa, kisha kikisogezwa tena.

"Edit iko wapi?" Tunu akauliza.

"Edit hakuna. Menyu zimeondolewa zote. Huku juu kuna utepe wa picha picha, unaangalia picha unayotaka, unabofya."

"Na mambo yaliyokuwa ndani ya Edit?"

"Yamesambazwa."

"Yamesambazwa," Tunu akarudia, kama mtu aliyeambiwa vyombo vyake vimetolewa nje. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nitafikiri. Mashine zangu zina kumbukumbu ndogo. Pita kesho."

Tariq alipoondoka, Tunu alizunguka ukuta akaja kukaa kwenye sufuria kubwa nililokuwa nimelipindua sakafuni. Hakuanza na simu wala na wino.

"Baba Mudy, wewe unajua."

"Najua nini?"

"Usijifanye. Unajua sioni cha karibu. Ule utepe wake wa picha mimi nimeuona kama moshi."

Akaniambia habari za mama yake, Bi Amira. Alianza kwa kushindwa kutunga uzi kwenye sindano. Baadaye zikafuata herufi za msahafu, na mwisho nyuso za watoto wake. Alikufa anamjua Tunu kwa sauti. Ndiyo maana Tunu hakuwa amekwenda kwa daktari wa macho. Alihofia kwamba huko ataambiwa jambo ambalo tayari analijua.

"Hili toleo la zamani sihitaji kuliona," akasema. "Vidole vinajua kila kitu kilipo. Nikibaki nalo, wateja wanaisha mmoja mmoja. Nikihamia jipya, mteja wa kwanza tu atagundua kwamba mchapaji haoni. Na Shadya bado ana miaka miwili ya chuo."

Pole hakuitaka. Nilimpa nilichokuwa nacho.

"Usinunue. Jaribu. Mwambie aweke kwenye mashine moja, siku tatu, bila malipo. Ile ya pili isiguswe. Likikushinda analitoa."

"Likinishinda mbele ya mteja?"

"Basi ni mteja mmoja. Sasa hivi unapoteza wanne kwa siku."

Aliitikia kwa kichwa mara moja. Kesho yake nilimsikia akimwambia Tariq masharti hayo kana kwamba ameyatunga yeye, na akamwongezea kwamba atakuja kulitoa kwa nauli yake mwenyewe. Tariq akakubali. Aliona mteja mgumu, na fundi akishaona mteja mgumu anafurahia hata jaribio.

Siku ya kwanza ilikwenda vibaya. Mzee Herieli alileta barua nyingine, safari hii ya kuomba kibali cha kukata mti. Alisoma, Tunu akachapa, karatasi ikatoka, mzee akaenda. Baada ya saa moja alirudi anahema.

"Mama Shadya, mtendaji kaikataa. Anasema herufi hizi ni za kadi ya harusi."

"Herufi gani?"

"Hizi! Tazama. Si zile za serikali. Na mistari imeachana kama watu waliogombana. Wewe hukuona?"

Nilisimama na sahani mkononi. Kumbe lile toleo jipya lilikuja na aina yake ya herufi, laini, zisizo na vile vijiguu vya chini vya herufi za serikali, na Tunu alikuwa amechapa ukurasa mzima bila kujua kwamba sura imebadilika. Mzee alikuwa ameuliza swali lile lile ambalo Tunu amelikwepa kwa miaka miwili.

"Niliona," Tunu akasema. "Nilidhani utapenda."

"Mimi nataka mti, Mama, sitaki kupendeza."

Tunu akacheka kidogo, akamwambia akae; mzee akaisoma barua upya na Tunu akaichapa kwenye mashine ya zamani. Herieli alipotoka, Tunu hakuja kwangu. Nilisikia tu kitambaa kikisugua kioo, kikisugua, kana kwamba tatizo lingekuwa vumbi.

Siku ya pili asubuhi alikuja Damasi wa Nangara, mwalimu mstaafu, katibu wa kikundi chao cha watumia maji. Alikuwa na flash imefungwa kwenye leso kama hirizi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Shadya. Nimetoka kule kwenye intaneti, umeme wao umeungua sijui wapi. Nina katiba ya kikundi hapa, iliandikwa Arusha. Inatakiwa marekebisho, iwekwe jedwali la zamu za maji, iprintiwe. Ofisa wa kuipokea anakwenda likizo leo saa saba. Nikimkosa, tunangoja mpaka mvua zije na maji yasihitaji zamu."

Saa ilikuwa nne na nusu.

Flash ikachomekwa kwenye mashine yenye toleo jipya. Damasi akashangilia: "Imefunguka! Jana pale kwa mwingine ilitoa mikwaruzo." Mpaka hapo toleo jipya lilikuwa limeshinda bila jasho. Wakaanza. Damasi akasoma vifungu kwa sauti ya darasani, Tunu akarekebisha. Kuchapa ni kuchapa, herufi hazikuwa zimehama kwenye kibodi. Nilianza kupumua.

"Sasa hapa," Damasi akasema, "weka jedwali. Nguzo tatu: jina, siku, saa. Mistari kumi na minne."

Kibodi ikanyamaza.

Nilijua kinachoendelea kana kwamba niko ndani. Jedwali lilikuwa kwenye menyu, na menyu haikuwepo. Palikuwa na moshi tu huko juu, na ndani ya moshi, mahali fulani, picha ya jedwali. Nilisikia mausi ikiburuzwa mezani. Ikasimama. Ikaburuzwa tena.

"Kuna tatizo?" Damasi akauliza.

"Hakuna."

"Maana saa inakwenda."

"Naiona, Mwalimu."

Hakuwa anaiona. Baadaye aliniambia kwamba wakati ule alishafika mwisho wa akili, akawa anatunga namna ya kusema mashine imeharibika. Mkono ukaiacha mausi ukarudi kwenye kibodi, si kwa kufikiri, kwa mazoea tu. Ukabonyeza Alt. Ukabonyeza A, njia ile ile ya zamani ya majedwali. Na hapo kikatokea kitu kwenye kioo, doa la kijivu karibu na ule utepe, na Tunu akajua ameharibu katiba ya watu.

"Kuna kitu kimetokea," Damasi akasema.

Mchapaji mwingine angejifanya anakisoma. Lakini katika ofisi ile mteja ndiye msomaji, na sheria ilikuwa imezoeleka hata mdomo ukaitoa wenyewe:

"Kisome."

"Ni Kiingereza."

"Si ulikuwa mwalimu? Soma."

Damasi akakisoma Kiingereza chake polepole, kisha akajitafsiria: "Kinasema... hizi ni funguo za Office 2003. Endelea kubonyeza zilizobaki kama kwenye menyu ya 2003, au ughairi."

Kigoda kikasogezwa mbele.

"Soma tena, Mwalimu. Polepole."

Akasoma tena. Endelea kubonyeza zilizobaki.

Nikasikia kidole kikigonga: I. Kisha T.

"Kimekuja kisanduku," Damasi akasema. "Kinauliza nguzo ngapi."

Tatu. Tab. Kumi na nne. Enter.

"Limekaa?"

"Limekaa, Mama. Zuri kabisa."

"Hesabu mistari."

"Kumi na minne!"

Basi kibodi ikaanza kulia kama mahindi yanayopukuchuliwa ndani ya debe. Menyu zilikuwa zimeondolewa machoni pa watu, lakini njia zake waliziacha chini kwa chini, kwa ajili ya watu wa aina ya Tunu. Kila alichobonyeza kilimpeleka alikokuwa anakwenda. Alibadilisha hata herufi zikawa za serikali, na safari hii alimwambia Damasi athibitishe kwamba zina vijiguu. Saa sita kasoro robo, Damasi aliondoka na katiba kwenye bahasha, anatembea kama mtu anayekimbizwa.

Tunu alikuja akakaa kwenye sufuria lake. Nilimpa maji. Alikunywa kikombe chote, akapangusa mdomo.

"Umesikia?"

"Nilikuwa nafuta sahani."

"Umesikia, Baba Mudy." Akaanza kucheka, kicheko kirefu kisicho na sauti, mabega tu. "Vitufe vyangu vimo vyote humo. Hawakuvitupa."

"Sasa acha kucheka," nikamwambia, "fundi akikuona hivyo bei inapanda."

Siku ya tatu Tariq alikuta sura ya msiba. Tunu alimweleza jinsi toleo lake lilivyomsumbua, jinsi herufi za kadi ya harusi zilivyomwaibisha kwa mtendaji, jinsi mzee wa watu alivyorudishwa. Hakudanganya hata neno moja. Aliacha tu kutaja ya siku ya pili.

"Kwa hiyo nilitoe?" Tariq akauliza, uso umemshuka.

"Nikuonee huruma. Liache kwenye mashine hii. Lakini herufi uzipange zije za serikali zenyewe, na lihifadhi faili kizamani, maana watendaji wengi bado wako huko nyuma. Ile ya pili ibaki ilivyo, na kile kiprogramu cha bure ukikipata uniletee, bure kama jina lake. Na bei ni nusu."

Tariq alilalamika kwamba atarudi kwao kwa miguu. Wakamaliza karibu na nusu. Ile tofauti kidogo Tunu alimwachia ili aende ameshinda kitu. Hiyo nayo ni akili.

Mwezi uliofuata waganga wa macho walipita hospitalini, na Tunu akaenda. Sikumshauri. Nilipomuuliza kwa nini sasa, alisema: "Sasa wakiniambia lolote, nina kazi ya kurudi kuifanya kwa vidole." Walimwashia taa machoni, wakamtilia dawa, wakampima mgandamizo wa jicho, wakamuuliza habari za mama yake. Ugonjwa wa Bi Amira hawakuuona. Walimwambia ni umri, ule unaowapata watu wote wakivuka arobaini, na dawa yake ni miwani ya kusomea. Miaka miwili alikuwa amebeba mzigo wa mama yake, kumbe wake ulikuwa mwepesi kiasi cha kukaa puani.

Alirudi nayo usoni, akakaa mbele ya kioo akautazama ule utepe kwa muda mrefu.

"Kumbe ni vipicha hivi," akasema. "Kimkasi. Kibrashi. Ndivyo vya kunikosesha usingizi?"

Akabonyeza Alt, na akaendelea kama zamani.

Sheria ya kusoma hakuifuta. Wateja walikuwa wameizoea, na makosa yalikuwa machache kweli kuliko ofisi nyingine zote. Kitu kimoja tu kilibadilika. Alasiri ile ile aliyorudi na miwani, nikiwa kimya nasikiliza mtu akisoma barua ya posa, sauti ya Tunu ilikuja karibu sana na plaiwudi.

"Baba Mudy."

"Naam."

"Huu ukuta wako una tundu."

Nikasogeza sufuria, nikaliziba.